Mteja kaja na picha ya nyumba na historia yake, vyote vimetungwa na akili mnemba. Wenzangu mnafanyaje?

MchoraRamani_Mkunazini

Wakuu, salamu zenu. Mimi ni mbunifu majengo Unguja, na kazi zangu nyingi ni ukarabati wa nyumba kongwe za Mji Mkongwe. Nina jambo linaninyima usingizi, na naliandika kwa kirefu kwa sababu najua humu wamo wabunifu, mafundi na waongoza watalii.

Kuna mteja amenunua nyumba ya mawe yenye ghorofa mbili, anataka kuifanya nyumba ya wageni. Ni mtu mzuri, anaipenda kweli ile nyumba, na hela anayo ya kuitunza. Siku ya kikao cha kwanza, hata daftari sijafungua, akanipa simu yake. Ndani yake mlikuwa na picha tele alizozitoa kwenye programu ya akili mnemba. Ameiandikia tu kwamba anataka nyumba ya Kiswahili ya kifahari ufukweni Zanzibar, na programu imemletea kuta nyeupe, matao, mito ya rangi, taa za shaba na mlango mkubwa wa kuchonga. Akaniambia, "Nijengee hii."

Nilizitazama kwa makini, moja moja, maana sipendi kukidharau kitu kwa kuwa ni kipya. Zinavutia. Mwanga wake mzuri kuliko wa picha nyingi ninazopiga mwenyewe.

Lakini chukua ile ya sebule. Dari lake ni la boriti za mkoko, zimepangwa vizuri, zimekatiza ukumbi mzima toka ukuta hadi ukuta bila nguzo wala mhimili. Kwa kukadiria kwa makochi yaliyomo, ukumbi ule una upana wa mita 6 au 7. Anayeijua boriti anajua kwamba haifiki huko. Vyumba vyetu vya kale vina upana wa mita mbili na nusu, tatu hivi, kwa sababu mkoko ulionyooka na wenye unene wa kubeba sakafu ya mawe na chokaa hauna urefu wa kuzidi hapo. Wazee hawakupenda vyumba vyembamba kwa ajili ya uzuri. Mti ndio uliokata upana wa chumba, na chumba kikakata namna ya kukaa, ya kutandika mikeka, ya kupanga vitanda. Programu imechukua sura ya boriti na kuliacha lile ambalo boriti ilikuwa ikilifanya.

Mlango nao. Kwa mbali utaapa ni wa mtaa wa Shangani, hapa Mji Mkongwe. Ukikuza picha, mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, haujashikana na ubao wa kulia wala wa kushoto, umesimama tu katikati, kwa hiyo mlango ule hauwezi kufunguka. Mnyororo uliochongwa kwenye fremu unaanza vizuri chini, ukifika kati pete zake zinayeyukiana. Na juu, kwenye kizingiti, pale ambapo fundi angechonga aya, kuna maandishi yanayofanana na Kiarabu ambayo si Kiarabu. Baba mzazi wa mteja tulikuwa naye kikaoni, mzee wa msikitini. Akavaa miwani, akajaribu kuyasoma toka kulia, akarudia, kisha akamrudishia mwanawe simu bila neno. Mimi hilo limenigusa kuliko boriti zote. Kizingiti ndiyo sehemu ya mlango inayosema mwenye nyumba anamwamini nani.

Sasa la pili, ambalo kwangu ndilo zito. Wageni wanapenda nyumba yenye kisa, kwa hiyo mteja ameiomba programu nyingine imwandikie historia ya nyumba ya kuweka kwenye tovuti na kwenye kibao mlangoni. Imemwandikia kurasa mbili safi kabisa: nyumba ilijengwa 1750 na binti wa sultani, na barua zake za mapenzi alizificha kwenye shubaka la chumbani. Sultani yupi wa 1750 aliyekuwa na binti wa kujenga Unguja? Sultani Sayyid Said alihamishia makao yake hapa kutoka Muscat karibu na 1840, na nyumba nyingi za mawe tunazoziona leo ni za karne ya 19.

Nyumba yenyewe inasema mengine, na inasema wazi. Chini, upande wa njiani, chini ya plasta nimekuta fremu ya milango ya mbao ya kukunja iliyozibwa kwa mawe. Lile lilikuwa duka, aina ya nyumba walizojenga wafanyabiashara wa Kihindi, biashara chini na familia juu. Ghorofa ya kwanza, boriti za chumba kikubwa zina matundu ya misumari yaliyokwenda mstari mmoja, na pembeni boriti nne tano zimekuwa nyeusi tii. Nilihangaika nazo mpaka jirani akanipeleka kwa bibi mmoja aliyekulia mle ndani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mji zilichukuliwa na serikali na familia zikagawiwa vyumba, na wao walikuwa mojawapo. Chumba kile walikigawa kwa mbao, familia mbili, ndiyo hiyo misumari. Ule weusi ni moshi wa jiko la mkaa la mama yake. Alinieleza ni upande gani walilala watoto, na jinsi walivyosikilizana redio kupitia mbaoni, wa huku wakinyamaza ili wa kule wasikie taarifa ya habari.

Mteja nilipomsimulia alisikiliza kwa heshima, halafu akasema wageni hawataki kusoma habari za moshi.

Maswali yangu basi. Mteja akija na picha ya namna hii mnaanza naye wapi, bila kumvunja moyo? Na je, mbunifu anayo haki ya kukataa jina lake kuwekwa kwenye nyumba ambayo kibao chake mlangoni kinasema uongo? Mimi naamini historia ya jengo ni sehemu ya jengo sawa na msingi wake. Nataka kujua kama nipo peke yangu.

Fundi_Chokaa

Shekhe, haupo peke yako. Mimi ni fundi, nimerithi kazi kwa ami yangu, nakujibu kwa upande wa mikono.

Picha hainisumbui. Mteja tangu zamani huja na picha, alikuwa anaikata gazetini. Linalonisumbua ni kwamba sasa anakuja na majibu. Juzi msimamizi wa kazi moja alinisomea kwenye simu namna ya kupiga plasta ukuta wa mawe unaomomonyoka: saruji kwa mchanga, pima hivi, mwagia maji hivi. Yameandikwa kwa ufasaha, hatua kwa hatua, na kwa ukuta wa tofali za saruji hayana kosa. Kwa ukuta wetu ni sumu. Mawe ya matumbawe yana chumvi na yanavuta unyevu toka chini, chokaa inauacha unyevu utoke. Ukiuziba kwa saruji maji yanabaki ndani, yanapanda, yanakula ncha za boriti zilizoingia ukutani. Nje ukuta unang'aa, ndani boriti inageuka unga. Na ncha ile huioni mpaka siku dari linapokaa chini.

Nilimwambia aiulize tena, ila safari hii aitajie mawe, chumvi, chokaa na umri wa nyumba. Ikabadilika, ikajibu karibu sawa na ninavyofanya mimi. Kwa hiyo ujuzi inao mahali fulani. Ila anayeijua nyumba ndiye anayejua cha kuuliza, na anayeijua nyumba hana haja sana ya kuuliza.

Kuhusu ukumbi mpana, usimkatalie mteja kwa jina la asili. Jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa 1883 na Sultani Sayyid Barghash, na zile varanda pana zilipatikana kwa nguzo na mihimili ya chuma iliyoletwa kwa meli. Aliyetaka upana alileta chuma, hakuisingizia boriti. Mwambie mteja wako hivyo hivyo: upana upo, bei yake ni hii, na chuma kionekane ni chuma. Boriti za kubandika chini ya zege sitaki hata kuzisikia.

Na mkumbushe vilevile kwamba tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo hilo ilianguka likiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa. Nyumba hizi ni nzito. Anayezichezea kwa kuangalia picha anacheza na roho za mafundi.

Mwanafunzi_Ubunifu_Dar

Shikamooni wakubwa. Naomba nitofautiane kidogo, kwa adabu.

Mimi nipo mwaka wa mwisho, ubunifu majengo. Mama yangu alijenga Mbagala kwa ramani ambayo hakuwahi kuielewa. Alilipa, akapewa karatasi zenye mistari, akamkabidhi fundi, na siku boma limesimama ndipo akagundua dirisha la jikoni linatazama ukuta wa jirani. Hakuna aliyemdanganya. Hakujua kusoma ramani, na hakuna aliyemuuliza anapika akiwa ametazama wapi. Leo mtu kama mama anaweza kuieleza nyumba yake kwa Kiswahili chake, akaona picha, akasema hapana, baraza iwe kubwa, jiko liwe uani. Hilo kwangu ni kubwa. Kwa mara ya kwanza mteja asiyejua kuchora ana njia ya kusema. Ndiyo maana mteja wako, kaka, nisingemchukulia kama mtu aliyeleta uongo. Ameleta hamu yake. Kaa naye muulize katika ile picha anapenda nini hasa: upana, weupe, au ule utulivu. Huenda utulivu anaweza kuupata ndani ya mita tatu.

Kwa nini picha ya nyumba yetu inatoka kama ya Marrakech kule Morocco, sababu yake ni chakula ilicholishwa. Programu hizi zimejifunza kwa kulinganisha picha na maelezo yaliyoandikwa kando yake. Mkusanyo mmoja mashuhuri, LAION-5B wa 2022, una jozi kama bilioni 5.85, na zenye maelezo ya Kiingereza peke yake ni zaidi ya bilioni 2. Nyumba zetu zimo, lakini nyingi ni picha za hoteli zilizopigwa na wageni. Nyumba ya Kiswahili ya Dar, ile yenye korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma na baraza mbele, jaribuni kuiomba. Utaletewa banda la makuti ufukweni. Mamilioni ya watu wamezaliwa kwenye korido ile, nani aliwahi kuipiga picha akaandika maelezo?

Kwa kazi, kuna njia ya kuifunga kamba. Tangu 2023 kuna ControlNet, nyongeza ya Stable Diffusion, programu ya kutengeneza picha: unaipa mchoro wako wenye vipimo, yenyewe inavalisha rangi, mwanga na vifaa bila kuhamisha kuta. Upana wako wa mita 2.7 unabaki 2.7. Mimi nachora kwa mkono, napiga picha, naipitisha humo, jioni mteja anaona vyumba vyake halisi. Zamani ningekaa siku kadhaa. Kwa jengo jipya, programu kama Forma ya Autodesk inakuonesha jua na upepo mapema kabla hujaipenda mno sura ya jengo.

Mwalimu wetu hupenda kutupeleka Soko la Kariakoo alilolibuni Beda Amuli. Ile miamvuli ya zege iliyopinduliwa imetokana na soko la chini ya miti, kivuli kwanza, na maji ya mvua yanakusanywa na miamvuli yenyewe yakateremka chini. Leo naweza kuiomba programu miamvuli mia kabla ya chai. Lakini Amuli alianzia kwa mtu anayeuza nyanya kwenye jua, na swali la mvua itakwenda wapi. Picha haina swali hilo ndani yake. Naona kazi yetu imebaki pale, na mimi sioni kama imepungua.

Binti_wa_Langoni

Asalaam aleikum. Natoka Lamu, si mbunifu, ni mwalimu. Nimewasoma nyote na nataka kusema neno kwa upande wa waliokaa ndani, maana nyote mumesimama mlangoni.

Nyumba yetu ya kale ukiingia ni daka, kibaraza cha mlangoni, kisha tekani, kijumba cha kuingilia, hapo njia inapinda. Mpita njia hata mlango ukiwa wazi haoni kitu. Ndipo kiwanda, yaani ua wa katikati, kisha msana wa tini na msana wa yuu, kumbi mbili ndefu zinazofuatana, na nyuma kabisa ni chumba tunachokiita ndani. Kila ukivuka sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua. Kule nyuma ndiko kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani, ukuta mzima wa chokaa iliyochongwa. Na kando yake kuna nyumba kati, ndimo wanawake walimojifungulia, ndimo wajane walimokaa eda, ndimo maiti alimooshwa. Mtu alizaliwa humo akatolewa humo.

Mimi pia nimeona hizo picha za akili mnemba, watu wanazituma kwenye makundi ya simu wakiziita Lamu. Sehemu ya kwanza inayopotea ni ule mpindo wa tekani. Unafungua mlango unaona hadi bustanini, kitanda hiki, zidaka hizi, zimetiwa taa na mitungi kama duka. Zidaka zimeletwa mbele kwa sababu zinapendeza, na aliyewekewa zidaka zile akawa hana pa kukaa. Kwa hivyo usimwambie mteja kuhusu mita peke yake. Muulize mgeni wake atavaa vipi akitoka kuoga.

Kuhusu yule bibi, tafadhali mrekodi. Si kwa kuandika unavyokumbuka wewe. Weka simu, muombe idhini, muache aseme kwa maneno yake. Mimi nimewarekodi wazee wa mtaani kwetu, na ile programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi inasaidia sana kwa Kiswahili cha redioni, lakini Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, inakisahihisha. Msemaji anasema hivi, yenyewe inaandika ilivyozoea, na sentensi inatoka imenyooka kabisa na si yake. Kwa hivyo huwa naisikiliza sauti na kuisoma karatasi pamoja, narudisha neno kwa neno. Ni kazi ndefu. Lakini sauti yenyewe ipo, na atakayekuja kesho akishuku atasikiliza.

Na mteja akisema wageni hawataki moshi, muulize yeye amejuaje. Hajawahi kuwapa.

Kiongozi_wa_Forodhani

Mimi natembeza wageni kila siku, nathibitisha la dada hapo juu. Kisa cha binti mfalme wanakipiga picha na kusonga mbele, wamekisikia kila nchi. Ukiwaonesha boriti nyeusi ukasema hapa mama fulani alipika, wanauliza: walikuwa wangapi, walikula nini, yuko wapi sasa? Wanakaa.

Halafu kuna tatizo jingine ambalo hamjaligusa. Kibao kikishawekwa, mgeni anakipiga picha, anakiweka mtandaoni, na mwakani programu inakisoma kama ushahidi. Mimi tayari napata wageni wanaonibishia kwa visa ambavyo hakuna mzee yeyote wa mji huu anayevijua. Mbunifu, kibao hicho kizuie kwa nguvu zako zote.

MchoraRamani_Mkunazini

Ahsanteni sana, nimewasoma kila mmoja zaidi ya mara moja.

Kilichofuata ni hiki. Nilifuata ushauri wa mwanafunzi, nikakaa na mteja tukazipitia picha zake upya, na kila moja nikamuuliza anapenda nini. Kumbe alichokipenda katika ile sebule ni kuona watu wengi wakila pamoja. Basi. Nyuma kuna uwanja ambao zamani ulikuwa na banda la saruji lililokwisha kuoza. Huko ndiko tutaweka ukumbi mpana, mihimili ya chuma inayoonekana, kama alivyosema fundi. Nyumba ya mbele inabaki na vyumba vyake vyembamba. Nimeupitisha mchoro wangu wenye vipimo kwenye ile programu, ukatoka na mwanga ule ule anaoupenda na kuta zangu hazikusogea. Alipouona, picha za mwanzo hakuzitaja tena. Ramani zinakwenda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kwa ajili ya kibali, na bila kibali hicho hakuna jiwe litakaloguswa.

Mlango tumekubaliana achonge fundi, na aya ataichagua baba yake.

Kibao bado tunabishana. Nimemwambia wazi kwamba kikiandikwa 1750 na binti wa sultani, jina langu liondolewe, na nimeliweka hilo kwenye mkataba kwa maandishi. Hakukasirika. Ameomba kwanza amsikie bibi kwa masikio yake. Bibi amekubali, kwa sharti kwamba apandishwe hadi kwenye chumba chenyewe akione, na jina la mama yake likiandikwa liandikwe sawasawa. Ngazi ni mbovu, nimeagiza ifungwe mbao mpya kabla hajaja.

Binti wa Langoni, naomba unieleze unatumia kinasa sauti gani, chumba kina mwangwi na njiani kuna pikipiki. Fundi Chokaa, nitumie ujumbe wa ndani kuhusu chokaa iliyolowekwa, nahitaji ya kutosha kuta mbili za chini, na saruji iliyopigwa pale miaka ya nyuma itabidi ibanduliwe yote. Uje uione mwenyewe kabla hujaniambia bei.